Kauntabuku la vifo 51: NetHack, Angband, Crawl au Brogue, nishike lipi chuo kikifungwa?

StesheniNg'ong'ona ameandika:

Habari za jioni wakuu.

Nina duka la stesheni hapa Ng'ong'ona, Dodoma, si mbali na chuo. Nachapa kazi za wanafunzi, natoa kopi, nabaindi ripoti. Chuo kikiwa wazi sipati hata muda wa kunywa chai. Chuo kikifungwa mtaa unanyamaza. Kutwa nzima naweza kupata wateja wanne, na upepo wa mwezi wa nane unaleta vumbi mpaka mashine ya kopi naifunika kwa kanga. Hiyo ndiyo miezi ninayocheza gemu.

Nilianza mwaka 2022 na Shattered Pixel Dungeon kwenye simu, gemu la kushuka pangoni levo kwa levo kutafuta hirizi, na ukifa unaanza upya. Kijana mmoja alileta ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, na wakati nabaindi yeye akawa anacheza kimya kimya. Nikamuuliza ni gemu gani hilo lisilo na kelele, akaniwekea palepale. Halili bando na halina haraka. Mteja akiingia naweka simu chini, nikirudi baada ya nusu saa zimwi bado limesimama nilipoliacha, linangoja zamu yangu. Kwa mtu wa dukani hilo ni jambo kubwa sana. Nimeshamuua Yog-Dzewa, zimwi kuu la levo ya 25, mara mbili, kwanza na mhusika Huntress, halafu na Warrior, na hirizi ya Yendor nimeishika.

Mwaka huu nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika, RAM GB 2, nikawekewa Linux. Ndipo nikagundua kwamba gemu langu la simu lina ukoo mrefu, wazee wake bado wako hai na bado wanachezwa. Nikapakua manne: NetHack, Angband, Dungeon Crawl Stone Soup na Brogue CE. Yote ni ya bure, na yote yanakwenda bila kukwama kwenye mashine yangu.

Tangu mwezi wa nne nimekufa mara 51. Idadi naijua kwa sababu naandika. Nina kauntabuku, kila gemu na kurasa zake, na kila kifo kina safu tatu: kilichoniua, nilichokosea, na "ningejuaje?" Safu hii ya tatu ndiyo iliyonileta hapa.

Brogue, vifo 14. Safu ya tatu imejaa yote. Kifo cha 6 nilikuwa katikati ya nyasi nikanywa chupa nisiyoijua, ikalipuka moto. Nyasi zikashika, nikakimbia kuelekea kule kule moto unakokwenda. Ningejuaje? Nyasi ni nyasi. Nimekulia Mpwapwa, nimeona watu wakichoma mashamba kabla ya mvua. Najua moto wa nyasi unavyokimbia. Nilitakiwa kunywa nikiwa mlangoni, kwenye sakafu tupu. Kifo cha 9 kilikuwa cha lile dude la waridi linalofanana na jeli: kila ukilipiga linagawanyika, na vipande vyote vinakuja. Nililipiga katikati ya ukumbi, vikanizunguka pande zote. Lakini pigo la kwanza tu nilikuwa nimeshaona linavyogawanyika. Nilitakiwa kurudi kwenye ujia mwembamba ili vije kimoja kimoja. Jibu nilikuwa nalo mbele ya macho, sikulisoma. Kifo cha namna hiyo nakikubali.

Kitu kilichonichukua wiki tatu kukizoea kwenye Brogue ni kwamba kuua hakukupi chochote. Hakuna pointi za uzoefu. Nguvu zako zinatoka kwenye hati za kuongeza uwezo, na wewe ndiye unayeamua uziweke zote kwenye deraya, kwenye fimbo, au kwenye pete. Msaada mwingine unatoka kwa mateka unayemfungua minyororo akawa rafiki. Nimetoka kwenye gemu linalohesabu kila panya ninayemuua, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nakwenda kutafuta ugomvi usio na faida.

Crawl, vifo 11. Vitatu ni vya Sigmund, yule mtu mwenye mundu mkubwa anayetokea levo za mwanzo, anakuchanganya akili kwanza halafu anafyeka. Lakini ukibonyeza x ukamsogelea, halafu v, gemu linakueleza ni nani na anaweza kukuumiza kiasi gani. Sikusoma. Kosa langu.

Angband, vifo 7. Ni vichache kwa sababu kila safari ni ndefu. Kimoja ni cha Fang, mbwa wa mkulima Maggot, ana kasi hadi hupati zamu ya kufikiri. Kingine ni cha buibui wa pangoni waliokuja kundi zima nikiwa bado sina hata levo tano. Sasa nanunua mafuta ya kutupa na hati za kuruka hatua chache kabla ya kushuka.

NetHack, vifo 19.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kifo cha 12 nilikuwa na Valkyrie, mhusika askari wa kike, wa levo ya 8, mwenye afya, deraya nzuri, mbwa wake ameshakuwa mkubwa. Nikakutana na herufi e ya buluu (humo kila zimwi ni herufi, nawe ni @). Haikimbii, haishambulii, imekaa tu. Nikaipiga upanga. Nikaganda. Zamu zikapita moja baada ya nyingine siwezi kufanya lolote, wakaja siafu askari wawili wakanimaliza nikiwa nimesimama. Nilikaa nikitazama kioo, mkono uko juu ya kibodi. Nilichokosea: nilipiga jicho linaloelea. Ningejuaje? Safu iko wazi mpaka leo. Kifo cha 15 niliua zimwi liitwalo cockatrice kwa upanga vizuri kabisa, halafu nikaokota mzoga wake mikono mitupu, nikageuka jiwe. Safu iko wazi. Kati ya vifo 19, safu kumi na moja ziko wazi.

Na kuna Samurai wangu ambaye sikumwandika kabisa, kwa sababu hakuna aliyemuua. Umeme ulikatika wakati betri nayo imeisha. Nilipowasha kesho yake, gemu likaniuliza kama lifute gemu lililokuwa linaendelea kwa jina langu. Nikadhani linataka kusafisha mabaki, nikajibu y. Alikuwa levo ya 10. Usiku ule sikucheza tena.

Pamoja na yote hayo, nikifunga duka jioni gemu ninalolifikiria njiani ni NetHack. Kwenye maduka yake, ukiwa na sururu mwenye duka hakuruhusu kuingia, maana anajua utatoboa ukuta utoke na mali. Mbwa wako anaweza kubeba kitu cha dukani mdomoni akakutolea nje, na hudaiwi. Aliyeandika hayo anajua duka ni nini. Kwenye yale mengine matatu sijawahi kukutana na jambo lililonigusa hivyo.

Maswali yangu ni mawili. Chuo kikifungwa nina miezi kama mitatu. Nataka nishike gemu moja mpaka nilimalize, siyo kurukaruka. Lipi? La pili, kusoma siri za NetHack mtandaoni kabla ya kucheza, mnalionaje? Nikisoma, kauntabuku litabaki kuwa langu?

Naomba kuwasilisha.

---

FundiSimuMajengo amejibu:

Dada wa stesheni, karibu sana. Mimi natengeneza simu hapa soko la Majengo na NetHack nalicheza kuanzia 2009, kwa hiyo nitalisemea.

Tuanze na Samurai, kwa sababu hilo limeniuma. Hakuwa amepotea. NetHack kila unapohama levo linaandika levo uliyoiacha kwenye faili lake. Umeme ukikatika yale mafaili yanabaki. Kuna programu ndogo inakuja nalo, inaitwa recover. Kazi yake ni kuyaunganisha yale mafaili yawe gemu moja lililoseviwa. Unarudi pale ulipokuwa mara ya mwisho ulipohama levo, siyo pale ulipokatikia, lakini mtu wako anakuwa hai. Siku nyingine likikuuliza kufuta, jibu n, toka, kaitafute recover kwenye folda lilipowekwa gemu. Na betri ikifika chini, S kubwa, linasevu na kufunga. Usingoje dakika ya mwisho.

Sasa kauntabuku. Ile e ya buluu: ukibonyeza alama ya nukta-mkato halafu ukaielekeza kwenye herufi, utaambiwa jina lake. Jina tu halitoshi, nakubali. Lakini ndani ya gemu kuna njia za kujua mambo. Kuna Oracle, yule mama mwenye ukumbi na chemchemi, kati ya levo ya 5 na ya 9. Anauza maneno, ya bei ndogo na ya bei kubwa, na yale ya bei kubwa ni ya kweli. Kuna vile vibiskuti vyenye kikaratasi ndani. Kuna mbwa wako: angalia anavyokanyaga vitu. Gemu likisema amepita juu ya kitu kwa kusitasita, kitu hicho kina laana. Hukuhitaji mtandao kujua hilo, ulihitaji kumtazama mbwa.

Halafu bei! Wewe ni mtu wa duka, hii ni silaha yako. Hati zote zina majina ya ajabu usiyoyaelewa, lakini mwenye duka anayajua, na bei yake inamsaliti. Hati ya kutambua vitu ndiyo hati pekee yenye bei ya msingi 20. Ukipeleka kuuza anakupa nusu, mara nyingine theluthi. Ukinunua, mara nyingine anaongeza theluthi juu, na mtu wako akiwa hana haiba anapandishiwa zaidi. Ukikaa na kalamu na lile kauntabuku utajua nusu ya mzigo wako bila kusoma hati hata moja. Mimi nilichukua miaka miwili kuligundua hilo, wewe utalielewa siku moja.

Siafu askari wameua watu wengi kuliko majoka. Ukiwaona wawili na huna ujia wa kujibana, bonyeza E, halafu kistari ili utumie kidole, andika Elbereth vumbini. Wengi wa mazimwi hawatakushambulia kwa karibu ukiwa umesimama juu yake. Herufi @ (yaani watu) na zimwi minotaur hawaogopi. Na usipige kwa upanga ukiwa hapo, maandishi yatafutika. Yatumie kupumua au kunywa dawa.

Jicho je? Ukweli ni kwamba wengi tulilijua kwa kufa au kwa kuambiwa. Mimi niliambiwa na jamaa tuliyekuwa tunagawana meza ya kazi. Nami nakuambia: usiliguse kwa mkono wala upanga. Kaa mbali ulitupie visu. Likifa kula mzoga wake. Baada ya hapo, kila ukijifunga kitambaa machoni utaviona viumbe vyote vyenye akili kwenye levo nzima, hata nyuma ya kuta. Jambo lililokuua ndilo zawadi kubwa ya mwanzo wa gemu. Niambie gemu gani jingine lina kitu kama hicho.

Shika NetHack. Valkyrie huyo huyo.

---

BintiManyoni amejibu:

Mimi nasema Crawl, na sababu ni hiyo safu yako ya tatu.

Waliolitengeneza waliandika ndani ya mwongozo wake kwamba mchezaji asilazimike kusoma nje ili aweze kucheza vizuri, na kwamba hawataki kazi ya kurudiarudia isiyo na uamuzi ndani yake. Wanalifuata kweli. Ukibonyeza ?/ unaweza kutafuta zimwi lolote, uchawi wowote, ukasoma. Herufi o inakutembeza yenyewe kwenye sehemu usizozijua mpaka kitu kitokee. Kuuza vitu dukani hakuna, kwa sababu watu wangebeba takataka zote juu na chini. Hata chakula walikiondoa kwenye toleo la 0.26, mwaka 2021, walipoona kinasumbua kuliko kinavyofikirisha. Kinachobaki ni maamuzi tu.

Chukua mhusika Minotaur Berserker, anamwabudu Trog, mmoja wa miungu ya humo. Sigmund akitokea na bado mdogo, panda ngazi uondoke. Kukimbia siyo aibu. Kumaliza unahitaji runi 3 kati ya 15 ili uingie Zot, sehemu ya mwisho, ukachukue Orb, lile tufe la ushindi, halafu utoke nayo mpaka juu. Nimemaliza mara moja tu, na kila kifo kabla ya hapo nilijua kilikuwa changu.

---

MwalimuKondoa amejibu:

Nimesoma uzi huu mara mbili. Safu ya tatu ya huyu dada ni swali zuri kuliko jina la gemu lolote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Sisi tuliokua tukitegeana vitendawili jioni tunajua utaratibu. Mtu anatega. Ukishindwa, anakuambia "nipe mji." Unampa mji, labda unampa Singida, anajisifu kidogo jinsi alivyokwenda Singida akapokewa vizuri, ndipo anakupa jibu. Hakuna jibu bila mji. Kila kifo kwenye magemu haya ni mji unaoutoa. Umetoa miji 51. Kwenye Brogue kila ulipotoa mji ulipewa jibu. Kwenye NetHack umetoa miji kumi na moja na jibu hukupewa. Malalamiko yako ni ya haki kabisa.

Lakini tazama vitendawili vyenyewe vimetoka wapi. Kitendawili cha Wagogo kuhusu mbuyu, mtoto wa Kolo anakifumbua kwa sababu mbuyu uko nyuma ya nyumba yao. Mtoto wa pwani huenda kikamshinda, na siyo kwamba hana akili. NetHack limeandikwa na watu wengi kuanzia 1987, likirithi Hack ya miaka ya mwanzo ya 80, na watu hao walijaza ndani yale waliyokuwa wanayajua wao. Cockatrice ni mnyama wa hadithi za kale za Ulaya. Aliyekulia na hadithi hizo anaogopa kumgusa kabla hata gemu halijamwambia. Elbereth ni jina kutoka vitabu vya Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, na majina ya magemu Moria na Angband ni hali kadhalika. Kwa hiyo wewe ulikuwa unategewa vitendawili vya kijiji cha wengine. Kusoma siri zake siyo udanganyifu hata kidogo. Ni kuuliza wenyeji. Fundi wa Majengo naye aliambiwa na mwenyeji.

Brogue la Brian Walker, la mwaka 2009, linatega kwa moto, maji, nyasi, gesi ya matope. Vitu hivyo vina tabia ile ile Mpwapwa na kwingine kote. Nadhani ndiyo maana safu yako ilijaa. Ulikuwa mwenyeji tangu siku ya kwanza.

Mzee wao wote, Rogue, lilitoka mwaka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi huko Santa Cruz, California, baadaye Ken Arnold akaungana nao. Arnold ndiye mwenye ile maktaba ya curses iliyowezesha programu kuweka herufi mahali popote kwenye kioo, badala ya kuandika mstari kwa mstari kama taipureta. Bila hiyo @, yaani mchezaji, isingeweza kutembea. Mazimwi yalikuwa 26, A mpaka Z, na hirizi ilikuwa levo ya 26. Dada, hesabu hiyo umeikuta kwenye Pixel Dungeon na kwenye Brogue: hirizi ile ile, levo ile ile. Umekuwa ukishuka ngazi za Rogue tangu siku kijana yule alipokuwekea gemu kwenye simu.

Na Angband nalo msilidharau. Ukoo wake unaanzia kwa Robert Koeneke wa Chuo Kikuu cha Oklahoma. Alipenda Rogue sana, akahamia kazini kwenye kompyuta isiyokuwa nalo, akaamua kuandika la kwake. Likawa Moria, 1983. Angband likazaliwa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, 1990. Levo 100 mpaka kwa Morgoth, adui wa mwisho, futi 5,000 chini, na kila ukipanda au kushuka ramani inachorwa upya, hurudi ulikotoka. Hilo ni gemu la mkulima. Unarudi mjini, unanunua dawa, unashuka tena, msimu kwa msimu. Mimi nimefika futi 1,800 na mtu mmoja niliyemlea tangu mvua za mwaka jana. Kwa miezi mitatu usilichukue, litakulaza njiani.

---

StesheniNg'ong'ona amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Ile aya ya kijiji cha wengine nimeichapa nikaibandika ndani ya jalada la kauntabuku. Nimejilaumu miezi kadhaa kwamba labda akili yangu ni nzito kwa NetHack, maana wanaoandika mtandaoni wanaongea kana kwamba cockatrice kila mtu anamjua. Umenitua mzigo.

Kaka fundi, jana usiku nilijaribu recover kwa makusudi. Nilianzisha mtu mpya, nikashuka mpaka levo ya tatu, nikaondoa betri na waya kwa pamoja. Nilipowasha nikajibu n, nikaitafuta ile programu, nikaiendesha. Akarudi, amesimama juu ya ngazi za levo ya tatu, na paka wake pembeni. Nilishika kifua. Samurai angeweza kurudi hivyo hivyo. Mwenye Linux yeyote anayecheza kwenye mtaa wetu wa umeme wa kukatikakatika, naomba asome ile aya ya fundi kabla ya kitu kingine.

Na bei nimeijaribu pia! Nilikuwa na hati nne zinazofanana, nikampelekea mwenye duka wa kule Minetown, mji wa ndani ya gemu, akanipa 10 kwa kila moja. Nusu ya 20. Sikuuza. Nilisoma moja, ikanitambulisha pete niliyokuwa naiogopa. Jambo hilo nililijua mwenyewe kwa hesabu ya dukani, na safu ya tatu nimeandika: "kwa bei." Ni mstari wa kwanza kwenye kurasa za NetHack ninaouandika kwa furaha.

Binti Manyoni, nimekuelewa, na Crawl naliheshimu. Ni kweli kila kifo ni changu. Lakini lile la kujitembeza lenyewe kwa herufi o, mimi linaninyang'anya kitu. Napenda kutembea mwenyewe, chumba kwa chumba. Nikibonyeza o naona nimekabidhiwa vita bila safari. Na kuondoa kuuza dukani, najua sababu yao ni nzuri, ila mimi ndiyo sehemu ninayojiona nipo. Huenda mwakani nikibadilika nitalirudia.

Mwalimu, umesema nimekuwa mwenyeji wa Brogue tangu siku ya kwanza. Je, nikae nyumbani au niende ugenini?

---

MwalimuKondoa amejibu:

Marahaba binti. Nenda ugenini. Nyumbani utarudi Jumapili.

---

KijanaWaKisasa amejibu:

Wakuu, hilo la Jumapili nalidaka. Brogue CE ina namba ya mbegu. Tukiandika namba moja, sote wenye toleo lile lile tunapata pango lile lile, vyumba vile vile, hati zile zile, mateka wale wale. Tuchague namba, kila mtu acheze mara moja tu bila kurudia, Jumapili usiku aandike hapa kilichomuua, alichokosea, na ningejuaje. Safu tatu za dada.

Napendekeza 26041964. Hiyo hakuna atakayeisahau.

---

FundiSimuMajengo amejibu:

Nimo. Nina mashine mbili za wateja hapa zinazongoja vioo, lakini usiku ni wangu. Tuambizane matoleo kwanza, tusije tukagombana bure.

---

BintiManyoni amejibu:

Nimo. Tena nitatembea kwa mguu wangu, bila kujitembeza, ili dada asiseme.

---

StesheniNg'ong'ona amejibu:

Nimo, na nawashukuru.

Basi mpango wangu ni huu. Jumatatu mpaka Jumamosi ni NetHack, Valkyrie. Siri sitazisoma zote kwa mpigo. Nimeamua hivi: nikifa, kwanza najaza safu mbili. Ya tatu nikishindwa kuijaza mpaka kesho yake asubuhi, ndipo naruhusiwa kuuliza hapa au kusoma, kuhusu kilichoniua tu na si zaidi. Mji nitakuwa nimeshautoa. Leo nimerudi nyuma kwenye zile safu kumi na moja nikajaza mbili: ya jicho nimeandika "kaka fundi, Majengo," ya cockatrice nimeandika "mwalimu, Kondoa." Zimebaki tisa. Ya karibu zaidi ni kifo cha 17: nilikaa kwenye kiti cha enzi kilichokuwa tupu, nikapigwa shoti nikafa. Naiandika hapa ili anayejua viti vile anisaidie. Nilikuwa na afya ndogo, lakini kiti hakikuonyesha dalili yoyote.

Jumapili ni Brogue, namba ya kijana wa Kisasa. Nimeshaanza, maana leo wateja walikuwa wawili tu na wote walitaka kopi moja moja. Niko levo ya 3, sijakunywa chupa yoyote nikiwa kwenye nyasi, na kuna mateka mmoja niliyemwacha amefungwa kwa sababu sijaamua kama nimwamini. Umeme umekatika saa mbili na robo. Betri imebaki asilimia 31, nimesevu, nafunga duka.